Mengine Yatajadiliwa Kikao Kijacho

Salome mwanangu,

Asubuhi umeniamkia nami nimekuitikia, chai tumekunywa wote, kwa hiyo ya salamu yamekwisha. Nikuambie kilichonikalisha chini kuandika. Ulipokwenda bombani niliingia chumbani kwako kutafuta khanga ya Bibi, nikaliona begi limerudi juu ya kabati, tupu kabisa. Nguo zako umezipanga ndani vizuri, kama za mtu asiyekwenda popote. Hukuniambia. Na mimi sikukuuliza, maana najua ungenijibu, "Nitakwenda tu mama, mwakani," na ningekosa la kusema mbele ya Bibi. Nikachukua mwavuli nikaja dukani. Huku mvua inanyesha, umeme umekatika, printa zimelala na hakuna mteja hata wa kutoa kopi. Nimebaki na kalamu. Nilidhani nitaandika mistari miwili tu, lakini unanijua.

Basi la Mbeya linapita kesho asubuhi na tiketi yako tumeshakata. Mambo ya chandarua, sabuni, marafiki wabaya na wavulana wa chuo sitayagusa, shangazi zako wameyasema yote mpaka nikaona unapiga miayo. Mimi nataka kukuandikia habari za uandishi, kwa sababu ndio unaokwenda kusomea, na ndio uliotulisha mimi, wewe na Bibi tangu baba yako alipokwenda Tunduma na kuona kule kunamfaa zaidi. Na katika uandishi nataka kukuandikia habari za alama moja ndogo, nukta mkato. Usicheke. Ninyi mmeifanya jicho la kukonyeza kwenye simu. Kazi nyingine hamjaipa.

Insha zako nimezisoma zote, hata zile ulizonificha. Una jicho, mwanangu, unaona vitu. Ila unaandika koma, koma, koma, mpaka msomaji anatafuta pa kukaa. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilipokuwa nasomea uhazili Morogoro, mwalimu wetu wa uchapaji alikuwa mama mmoja mkali, mnene, anayetembea bila kusikika. Ungeshtukia tu amesimama nyuma yako. Siku moja akaniwekea kidole kwenye karatasi.

"Wewe binti wa Kilosa. Hapa umeweka koma. Kwa nini?"

"Nimepumzika, mwalimu."

"Umepumzika? Hapa ni hospitali?"

Darasa zima likacheka. Halafu akavuta kiti, akakaa, akanifundisha jambo ambalo sijapata kulisahau. Alisema sentensi mbili zikiwa zimeshakubaliana zenyewe, hazihitaji mshenga. Washenga ni hawa akina "na", "lakini", "kwa sababu". Unaandika, "Mvua imenyesha; mto umejaa." Hapo kila mtu ameona uhusiano, hakuna haja ya kumtuma mtu katikati akaeleze. Ukimleta mshenga, basi nukta mkato iondoke, koma inatosha. Na kila upande lazima uwe na kwao. Ukiandika, "Mvua imenyesha; kwa nguvu," huyo wa pili hana nyumba wala baba, umemwokota njiani. Msimamishe peke yake kwanza uone kama anasimama.

Nikaipenda alama ile kupita kiasi. Binti wa miaka ile, nimejua kitu ambacho wenzangu wengi hawakijui, kwa nini nisijishaue? Nikaweka nukta mkato kwenye kila barua, hata ya kuomba ruhusa ya kwenda kunyoa. Baba yako aliponiandikia kutaka uchumba, nilimjibu kurasa tatu ambazo hazikuwa na nukta ila mwishoni kabisa. Kila wazo lilifungua mlango wa lingine. Naye akajibu kwa mstari mmoja: "Barua nimepata ila sijaelewa umekubali au umekataa." Nilikuwa nimekubali, Salome. Nilikuwa nimekubali kurasa tatu nzima. Nilicheka siku ile, lakini sasa nikikumbuka naona dalili zilikuwepo.

Nikuambie na zile kazi zake za halali, maana huko watakufundisha kwa mifano ya vitabuni na wewe umelelewa kwenye steshenari. Unamkumbuka yule katibu wa kikundi cha wafugaji, Mmasai mrefu aliyekuwa akiinama kuingia mlangoni? Alikuja na risala ya kumsomea mgeni rasmi, kaiandika mwenyewe, mwandiko mzuri kuliko wangu. Kwenye maombi aliandika kwamba wanaomba josho lenye maji na dawa, zahanati yenye mkunga, umeme na kitanda, na daraja. Koma tupu. Nikamwambia, "Baba, mgeni rasmi akisikia hivi ataleta zahanati yenye daraja ndani."

Akasoma tena, akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa tufanyeje, mama?"

Nikamwekea nukta mkato kila ombi linapokwisha, na koma zikabaki ndani ya ombi lenyewe. Josho lenye maji na dawa; zahanati yenye mkunga, umeme na kitanda; na daraja. Akaitazama ile karatasi kwa muda.

"Hii alama ni nukta imeanguka juu ya koma?"

"Ni nukta imemkalia koma ili asikimbie."

"Kama kutenganisha mazizi," akasema. "Ndama wangu hapa, ndama wako pale, lakini boma ni moja."

Sijapata mwanafunzi aliyeelewa haraka kama yule. Josho walipata, daraja bado. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya halali, kutenganisha mazizi, na hapo tumia bila woga.

Kazi ya pili ndiyo ya uzuri, na hiyo huwezi kufundishwa, unaisikia tu. Nilijifunza kwenye wasifu wa marehemu. Unajua nimeandika wasifu wa marehemu wangapi hapa dukani, wafiwa wamekaa kwenye lile benchi wananisimulia huku wakilia, na mimi nachapa? Wengi wanataka yale yale: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua. Siku moja akaja mjane kutoka Ruhembe, mumewe alikuwa mkulima wa miwa. Nikamuuliza, mama, mbali na hayo, alikuwa mtu gani? Akafikiri. Akasema mzee alilima miwa tangu ujana, na miaka yake ya mwisho daktari alimkataza sukari, hata kijiko. Nikaandika: "Alilima miwa maisha yake yote; chai alikunywa bila sukari."

Nilipomsomea, yule mama alijifuta macho kwa khanga. Halafu akacheka, akalia, akacheka tena. Akasema, "Ndiye huyo. Ndiye yeye kabisa."

Angalia nilichofanya pale. Ningeweza kuweka "lakini". Ningeweza kueleza kwamba ni jambo la kusikitisha, au la kuchekesha. Sikueleza. Niliziweka sentensi mbili karibu nikaondoka, msomaji akamalizia mwenyewe. Nukta mkato nzuri ni ile inayomwamini msomaji. Ila usiitie kila mahali, mwanangu. Moja katika ukurasa inatosha, mbili ukiwa na sababu. Ukiona tatu, jiulize unaogopa kumaliza nini.

Hapo kwenye kuogopa kumaliza ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo, naona nimezunguka sana.

Umesikia mara nyingi kwamba mama yako nusura afanye kazi Dar es Salaam. Watu husema hivyo kwenye shughuli, wakiwa wamekunywa, "huyu angekuwa mbali huyu," na mimi nawamiminia soda nyingine ili wanyamaze. Hujapata kusikia kutoka kwangu. Nilipomaliza uhazili niliomba kazi kwenye kampuni moja ya kuchapa vitabu, kazi ya kusoma kurasa kabla hazijaingia mashineni na kusahihisha makosa. Wakaniita. Kazi ya kukaa kutwa na maandishi, Salome, kulipwa kwa kuhangaikia koma za watu! Nilishanunua viatu. Bado ninavyo, vile vyeusi ulivyokuwa ukivivaa ukiwa mdogo ukijifanya mwalimu.

Wiki ile ile Bibi akaanguka. Alikuwa anatoka Mamboya kwenye matanga ya dada yake, akashuka kwenye gari pale Kilosa, mguu mmoja ukakataa. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu, Kiswahili kikapotea kwanza, akabaki na Kikaguru chake. Kikaitwa kikao.

Unavijua vikao vyetu. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na kikao cha ukoo bila muhtasari si kikao. Lazima yaandikwe, yasomwe kwa sauti, na kila mtu atie sahihi au dole gumba, ndipo neno linakuwa neno. Mjomba wako Ignas alikuwa kijana bado, lakini ndiye mwanamume wa pekee tumboni mwa mama, akakaa kiti cha mbele. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nimesomea. Hebu fikiria hilo. Wananijadili mimi, na kalamu ninayo mimi.

Ignas akasema, "Kwa sasa abaki na mama. Ya Dar tutaangalia mbele ya safari." Shangazi wakaitikia. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikutaka kuulizwa, nilikuwa naona aibu kuwa na hamu ya kuondoka wakati mama yangu analala kwenye mkeka hawezi hata kujigeuza. Nikaandika hivi: "Binti atabaki na mama kwa sasa; mengine yatajadiliwa kikao kijacho."

Nikausoma kwa sauti. Nikasikia mama mdogo mmoja akisema, "Huyu mtoto anaandika kama serikali." Wakacheka, wakasifu. Na mimi, Salome, nilifurahi. Nilikuwa nafungiwa mlango, na nilichofikiria ni kwamba sentensi imekaa vizuri. Pande mbili zimetoshana, hakuna mshenga, mwalimu wangu angefurahi. Wao walisikia upande wa kwanza, kwamba nyumba imepata mwangalizi. Mimi nilisikia upande wa pili, kwamba nimeahidiwa. Tukatia sahihi wote.

Kikao kijacho kilikuwa cha shamba. Kilichofuata kilikuwa cha mahari ya binti wa mama mdogo. Mto Mkondoa ulipofurika ukachukua jiko na ukuta wa nyuma, tukakaa kikao cha matofali. Nimeandika mihtasari ya vikao vyote hivyo. Na nikuambie kitu ambacho hata leo kinaniunguza: ajenda nilikuwa naandaa mimi. Katibu ndiye anayeandika ajenda. Ningeweza kuweka namba nne, "Suala la binti," maneno matatu tu, na wangelijadili, wasingekuwa na njia. Sikuweka hata mara moja. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine akumbuke. Nilidhani kama wananipenda watakumbuka. Nikawa nakunja karatasi kila mwisho wa kikao, namwosha Bibi, nampikia uji, na nawachukia watu ambao walikuwa hawajui kama wamenikosea.

Usije ukaniambia ni kosa la alama. Alama haina kosa. Wala si Bibi. Nampenda mama yangu, na kumtunza si adhabu. Nimecheka naye kuliko nilivyocheka na mtu yeyote. Kilichonifunga ni lile neno "kwa sasa" ambalo hakuna aliyeliwekea siku. Mtu ukimwambia atabaki maisha yake yote, anaweza kukataa, au akalia halafu akazoea. Ukimwambia kwa sasa, anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. Nimekaa hivyo, Salome. Nimeolewa nikiwa hivyo, nimehamia hapa Mikumi na Bibi nikiwa hivyo, nimekuzaa nikiwa hivyo.

Na Mikumi ndipo mahali pabaya kuliko pote kwa mtu wa namna hiyo, maana hapa kila mtu anapita. Unayaona mabasi, abiria wanashuka, wanakwenda msalani, wananunua chipsi, honi inapigwa, wanakimbilia ndani. Wengine huingia hapa dukani kwa haraka kutoa kopi ya cheti. Nawauliza, unakwenda wapi? Makambako. Tunduma. Lusaka. Nawatolea kopi. Nimeishi kando ya barabara inayofika Zambia na sijawahi kufika Mbeya. Usiku nikisikia lori linabadilisha gia kuanza kupanda, kuna siku nafunika sikio na mto ili nisisikie. Ulidhani ni kichwa kinaniuma. Nilikuwa nakuambia ni kichwa.

Sasa tuje kwenye Jumapili.

Mjomba wako alikuja na pikipiki kutoka Kilosa kupitia Zombo, vumbi mpaka kwenye kope, maskini, na mgongo wake ule. Usidhani ni mtu mbaya. Alileta mchele, akamnyanyua Bibi mwenyewe akamkalisha juani, akamchana nywele. Kisha akaketi sebuleni, na wewe ukamletea chai kwa magoti, akasema alilokuja kusema. "Hali ya mama si nzuri. Dada yangu naye anazeeka, mgongo unamsumbua. Naona Salome aahirishe kidogo. Mwaka mmoja si kitu."

Nikakutazama. Ulikuwa umeshika sinia. Ukasema, "Sawa, mjomba." Upesi hivyo. Na uso ukawa umetulia, mzuri, wa mtoto mwenye adabu, na nikaujua uso ule kwa sababu niliwahi kuuvaa.

"Andika, Mama Salome," akasema.

Daftari lilikuwa mapajani. Kalamu ilikuwa mkononi. Na nikwambie ukweli mchungu: sentensi ilishakuja kichwani. Nzuri, laini, imekaa sawa pande zote mbili. Mkono ulishaanza. Ndipo nikauliza, "Kaka, mwaka unaisha lini?"

"Unaisha lini vipi? Mwaka ni mwaka."

"Siku gani? Na siku hiyo nani anakuja kushika zamu?"

"Tutaona huko mbele."

"Tutaona si siku, kaka."

Akaweka kikombe chini. Hakukasirika, alishangaa. "Wewe umekuwaje leo? Mbona wewe ulikaa, na hukufa?"

Wewe ukainamisha kichwa. Uliniona nimenyamaza, ukadhani nimekubali. Sikuwa nimekubali. Nilikuwa natafuta jibu ambalo halimtukani kaka yangu, sikulipata, nikafunga daftari nikaenda jikoni kukoroga mboga isiyohitaji kukorogwa. Hilo ndilo kosa langu la Jumapili, na hili ni jipya kabisa, halijapata hata vumbi. Nilikuacha peke yako na lile "sawa". Naona ndipo uliporudi chumbani ukaanza kutoa nguo kwenye begi moja moja.

Jana mchana, wakati wewe umekwenda sokoni, nilikuwa namgeuza Bibi. Unajua siku hizi kuna nyakati anakuwa hapa na nyakati anakuwa Mamboya na dada zake. Jana alikuwa hapa. Akanishika mkono kwa ule mkono mzima, akanitazama sana, akaniuliza kwa Kiswahili, kizima, hakijakatika: "Wewe si ulikuwa unakwenda Dar? Mbona bado upo?"

Nikamwambia, "Naondoka, mama. Bado kidogo."

Akasema, "Utachelewa."

Nikamaliza kumfunga khanga, nikatoka nje nyuma ya choo nikalia kama mtoto. Miaka yote hii nilidhani hakuna aliyekumbuka. Kumbe yupo aliyekumbuka, ni yule yule ambaye kwa ajili yake nilibaki, na hakuwahi kuniomba nibaki. Hatukumuuliza hata yeye, Salome. Kwenye muhtasari ule hakuna mahali palipoandikwa Bibi alisema nini.

Leo, kabla mvua haijaanza, nimempigia mjomba wako. Nilisimama, unajua mimi siwezi kusema mambo magumu nimekaa.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mama mzima?"

"Mzima. Kaka, Salome anaondoka kesho."

Nikasikia kuku wake.

"Kikao kilishasema, dada."

"Kikao hakina muhtasari. Sikuandika kitu, na wewe hukutia sahihi."

Nilijua anatafuta pa kunishikia, na anajua hapana, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha kwamba lisiloandikwa halikusemwa. Mwisho akasema, "Umekuwa mjeuri uzeeni." Halafu, kwa sauti nyingine, "Mtoto ana nauli ya kutosha?" Nimekuambia si mtu mbaya.

Kwa hiyo usiogope upande huo. Najua unachoogopa ni upande wangu. Umeniona nikishika kiuno asubuhi, umenisikia usiku nikimbeba Bibi, na ndani yako unasema nikiondoka mama atabaki peke yake na haya yote. Ni kweli, sitakudanganya. Nitabaki. Siku ya kwanza nitakasirika na kila mtu, ya pili nitakukumbuka mpaka nikose kula. Mlango wangu sijui kama bado unafunguka. Labda umeshashika kutu, labda mimi ndiye niliyezoea giza. Lakini ukibaki kunisaidia hutanitoa humu. Tutakuwa wawili ndani, na mimi nitakuwa na kazi ya ziada ya kukutazama ukizeeka kwa upole.

Huko uendako andika upendavyo. Weka nukta mkato pale mambo mawili yanapohitaji kukaa karibu bila kuelezwa, na mhariri akiifuta mgombanie, mwambie, "Mama yangu ameila chumvi ya alama hii." Ila katika maisha yako ukisikia mtu anakuambia "kwa sasa", hata awe anakupenda, hata awe analia, muulize mpaka lini. Uliza pale pale, mbele ya watu, chai ikiwa bado ya moto. Watakuona huna adabu kwa dakika chache. Hiyo unaweza kuivumilia.

Limebaki jambo moja, na hili sikutaka kukuambia kwa mdomo kwa sababu ungeanza kubishana. Chumba chako nimekipangisha. Ni yule mwalimu mpya wa chekechea, binti mtaratibu, tumeelewana tangu jana jioni. Kodi yake itamlipa Rehema wa jirani aje kunisaidia na Bibi kuanzia asubuhi mpaka nifunge duka. Basi lako linapita asubuhi. Godoro lake linafika mchana. Kabati pia nimemwahidi, kwa hiyo hizo nguo uzitoe.

Likizo utakuja, utalala na mimi kitanda kimoja kama zamani, na utanipiga mateke usiku kucha, nitafurahi. Lakini ukirudi kwa kunionea huruma, mwanangu, hapa hapana pa kulala.

Mama yako